Nyumba Iliyozeeshwa

Derrick alipita laini nzima na makopo mawili ya rangi, akiweka alama kwenye kuta. Duara jeupe: nyumba itabaki. Msalaba mwekundu: nyumba itabomolewa. Alikuwa kijana mpole, mwenye kofia ya kuzuia jua na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga tope, na kwenye kila mlango alibisha hodi kwanza. Hilo ndilo lililowatia watu hofu. Katika laini ile, mtu wa ofisi hakuwa na desturi ya kubisha hodi.

Laini ni safu ya nyumba za matofali mekundu ambazo kampuni ya mkonge iliwajengea wafanyakazi wake kando ya mto Lumi, upande wa Mata. Kampuni ilifunga kazi zamani. Korona, ile mashine ya kupura majani ya mkonge mpaka yabaki nyuzi tupu, ilikuwa imesimama bandani ikiliwa na kutu. Mfereji uliokuwa ukileta maji ya kuoshea nyuzi ulijaa matete. Reli nyembamba ya matoroli iling'olewa nusu na wauza vyuma chakavu. Kampuni iliondoka bila kuaga, lakini wafanyakazi hawakuondoka, kwa sababu mtu huondoka akiwa na mahali pa kwenda. Walibaki kwenye nyumba za kampuni isiyokuwepo, wakalima mboga kando ya mto na kuziuza Taveta siku za soko. Sasa mwekezaji alikuwa amenunua shamba, na hakutaka mkonge. Alitaka kuwaonyesha wageni jinsi mkonge ulivyokuwa.

Yote hayo Derrick aliyaeleza kwenye baraza, chini ya paa la kiwanda. Nyumba chache ambazo bado ziko katika hali yake ya zamani zitahifadhiwa, ziwe sehemu ya kituo cha urithi. Nyingine zitapisha hoteli na maegesho. Wale watakaobomolewa watafikiriwa.

Neno hilo la mwisho liliwafanya watu wainamishe vichwa wafiche vicheko. Wangefikiriwa. Kampuni iliwafikiria walipodai marupurupu, serikali ikawafikiria kila uchaguzi, na kufikiriwa kote huko hakukuwahi kumpa mtu hata kilo ya unga.

Risper aliinua mkono nusu. Mumewe, Nehemiah, akaushusha kwa mkono wake wa kushoto, ambao ndio pekee aliokuwa nao.

"Nataka kumuuliza, wale wa nyumba zitakazobaki..."

"Wacha, Mama Shantel. Ukiiuliza ofisi swali, unaipa jina lako."

Ndivyo walivyolelewa na kampuni. Enzi hizo, mfanyakazi aliyeuliza swali alipelekwa kukata mkonge sehemu ya mbali zaidi, yenye nyoka na miiba, na hakuambiwa ni kwa sababu gani. Basi baraza zima likanyamaza. Derrick akauliza mara tatu kama kuna maswali, akashukuru, akaenda kuchukua makopo yake.

Alipofika nyumba ya Nehemiah alisimama kwa muda. Ukutani kulikuwa na plasta laini iliyopakwa rangi ya samawati. Madirisha yalikuwa ya vioo, mabati hayana kutu, sakafu ya simiti iliyosuguliwa mpaka ikawa kama sahani.

"Mzee, hii ni nyumba safi kabisa," Derrick alisema.

"Asante, kijana wangu."

"Hiyo ndiyo shida. Tunatafuta zile orijino. Hii imeshabadilishwa." Akachovya brashi kwenye kopo la rangi nyekundu. Mkono wake ulisita kidogo, halafu akachora msalaba mdogo, pembeni, kama mtu anayeomba radhi. "Wataalamu watapita mwezi ujao kuthibitisha. Kwa sasa ni hivyo."

Kisha akaenda kwa jirani yao Nzuki, ambaye hakuwahi kupigilia hata msumari mmoja tangu aingie katika nyumba ile. Matofali yalikuwa wazi, mabati yamekuwa mekundu kwa kutu, dirisha limezibwa na gunia. Derrick aliizunguka akipiga picha kwa furaha.

"Nehemiah," Nzuki aliita kutoka kibarazani, "umesikia? Ati yangu inapendeza. Mke wangu aliniacha kwa sababu ya nyumba hii, na leo inapigwa picha."

* * *

Plasta ile ilikuwa mkono wa Nehemiah. Hakuna aliyesema hivyo kwa utani.

Alikuwa mlishaji wa korona, mtu wa kuingiza majani mashineni. Siku moja mnyororo ulishika tita la majani pamoja na mkono wa kulia, na kabla mwenzake hajafikia swichi, mkono ulikuwa umeshakwenda njia ya mkonge. Kampuni ilimlipa fidia. Watu walimshauri anunue ng'ombe, arudi kwao Chawia, aoe mke wa pili, afungue duka. Yeye alinunua simiti, mchanga, mabati na vioo, akavileta kwenye nyumba isiyo yake.

"Unapaka siagi mkate wa watu," Nzuki alimwambia wakati ule.

"Mkate ni wao. Mkono ni wangu," alijibu.

Alitaka kitu ambacho angeweza kukiona kila siku akijua mkono umekwenda wapi. Siku plasta ilipokuwa bado mbichi, alibandika kiganja chake cha kushoto ukutani, ndani, juu ya mahali pa kitanda, akakibonyeza mpaka vidole vyote vikaacha alama. Shantel alikuwa mtoto mchanga mgongoni mwa mamake. Risper alicheka akasema fundi atakasirika. Fundi hakukasirika. Alilijua lile koti lenye mkono mmoja mtupu.

Jioni ya siku ile ya msalaba, Shantel alirudi kutoka Taveta anakouza mitumba, akaukuta mlango umefungwa kabla ya giza na wazazi wake wamekaa ndani kama kwenye matanga.

"Sasa tutaenda wapi?" Risper alikuwa akiuliza. "Chawia?"

"Chawia wamegawana mpaka mtu akigeuza jembe linalima kwa jirani."

"Basi tuseme nini?"

Shantel aliweka furushi lake chini. "Kwani wanataka nyumba ya zamani? Si muirudishe vile ilikuwa. Bandueni hii plasta. Toeni vioo. Huyo Derrick hana picha ya kila nyumba."

Alisema akivua viatu, kwa utani. Lakini hakuna aliyecheka, na alipoinua macho aliona baba yake anautazama ukuta jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe aliyeamua kumchinja.

"Baba, nilikuwa nacheza."

"Hapana," Nehemiah alisema. "Hujacheza."

* * *

Mabati ndiyo yaliyokuwa magumu. Simiti unaweza kuivunja, lakini kutu huwezi kuinunua dukani. Nehemiah alikwenda kwa Nzuki asubuhi, akamkuta anapiga mswaki kwa kijiti.

"Nataka tubadilishane mabati."

Nzuki alitema mate, akamtazama vizuri. "Jirani, umelala salama?"

"Wewe uchukue yangu mazuri. Mimi nichukue yako."

"Yangu yanavuja. Mvua ikinyesha mimi huhama na kitanda kama mtu anayecheza karata."

"Najua."

Nzuki alielewa polepole. Alikuwa mlevi lakini hakuwa mjinga. "Na mimi nikipewa msalaba kwa sababu ya mabati yako yanayong'aa?"

Nzuki akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaitazama nyumba yake: ukuta wa upande wa mto ulikuwa umeinama, na kila mafuriko yaliuinamisha zaidi.

"Hii haitapita hata hivyo," alisema mwishowe. "Wataalamu wakiisukuma tu, inalala. Nipe mabati. Wakinifukuza, nitayabeba niende nayo Kibwezi kwa dada yangu. Angalau nisirudi mikono mitupu." Akajishika mdomo. "Pole, Nehemiah. Si hivyo nilivyotaka kusema."

"Hata mimi sikusikia hivyo. Twende tuyashushe."

Walifanya kazi siku nyingi, familia nzima. Risper alibandua plasta kwa patasi na nyundo, kitambaa kimefungwa puani. Shantel alivunja sakafu kwa sururu, akabeba vifusi kwa karai akavitupa mtoni baada ya soko kufungwa. Nehemiah alishika patasi kwa mkono wake, na kwa kuwa hakuwa na wa kupigia nyundo, Risper alimpigia. Walikosana mara kwa mara.

"Polepole, utanimaliza na huu."

"Basi shikilia sawasawa, Baba Shantel. Mimi sioni kwa vumbi."

Watu wa laini walipita wakasimama. Wengine walicheka. Kulikuwa na mama mmoja, Peris, ambaye kwa miaka yote alikuwa akimwambia Risper kwamba anajifanya mke wa meneja. Alikuja na kiti chake kabisa. "Mwenyezi Mungu ana subira," alisema. "Nimeishi nikamwona Risper akivunja kioo kwa hiari." Lakini siku ya tatu Peris alikuwa ameanza kukwangua rangi ya mlango wake mwenyewe, na hakuleta kiti tena.

Umeme ulikatwa waya zikang'olewa. Meko ya gesi ikafichwa kwa Nzuki. Risper aliokota mawe matatu mtoni, akawasha moto wa kuni ndani ili moshi uyapake matofali. Alikaa humo akikohoa, akiongeza kuni mbichi, machozi yakimtoka, na hakuna aliyejua ni ya moshi tu au la. Matofali yaliyokuwa yamelindwa na plasta yalikuwa mekundu mno, kama jeraha jipya. Yalihitaji kuzeeka haraka.

Mwishoni kilibaki kipande kimoja juu ya kitanda, chenye kiganja.

Nehemiah aliweka patasi ukingoni. Risper hakuinua nyundo.

"Piga," Nehemiah alisema.

"Sipigi."

"Mama Shantel, wataona simiti."

"Waione. Nimevunja sakafu yangu. Nimevunja madirisha yangu. Huo mkono sivunji, na wewe ukijaribu huna wa kukupigia."

Nehemiah alikaa kitandani. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na pumzi. "Kweli," alisema. "Sina."

* * *

Wataalamu walikuja watatu pamoja na Derrick. Walizunguka nyumba, wakagusa matofali, wakapiga paa picha. Derrick alikunja uso. Alikumbuka rangi ya samawati, au alidhani anaikumbuka. Nyumba za laini hazikuwa na namba, na msalaba wake mwekundu ulikuwa umeondoka pamoja na plasta.

"Mzee, hii si ndiyo ile..."

"Laini ni ndefu, kijana wangu," Nehemiah alisema. "Nyumba zinafanana."

Derrick aliwatazama, mmoja mmoja. Vumbi jeupe lilikuwa bado kwenye nyusi za Risper. Labda alielewa yote wakati ule, na labda aliamua kuwa mwema. Wema wa aina hiyo ndio uliowamaliza.

Ndani, mmoja wa wataalamu alisimama mbele ya kiganja. "Na hii? Simiti?"

Nehemiah alifungua mdomo. Risper akamtangulia.

"Hiyo tuliikuta," alisema. "Tulipoingia ilikuwepo. Wazee walisema ni ya wale waliojenga. Mtu fulani tu wa zamani."

"Jina lake?"

"Nani angejua? Ni vibarua hao."

Mtaalamu aliusogelea ukuta, akautazama mkono ule kwa heshima ambayo hakuwa amempa mtu yeyote mle ndani. Alipiga picha nyingi. Nehemiah alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mfukoni.

Walipotoka, Derrick alichora duara jeupe, kubwa, karibu na mlango.

Siku hiyo Risper alipika chapati juu ya mawe matatu, akamwita hata Nzuki, ambaye wataalamu walikuwa wameipiga nyumba yake msalaba bila hata kuingia. Nzuki alikula nne. "Nyinyi ni watu wa akili," alisema. "Mimi nimezaliwa na nyumba mbovu nikaipoteza kwa sababu ya mabati mazuri." Wote walicheka, hata Nehemiah. Usiku mvua ilipoanza walihamisha kitanda mara mbili, na hata hilo waliliona dogo.

* * *

Notisi ilibandikwa kwenye mlango wa kiwanda. Shantel aliisoma kwa sauti, akaisoma tena kimya, halafu akaipiga picha na simu kama mtu ambaye hataki kuamini peke yake.

Wenye msalaba walikuwa wamefikiriwa. Kila mmoja alipewa kiwanja kidogo ng'ambo ya barabara, na gari la kuhamisha vitu. Wenye duara walitakiwa kukabidhi nyumba mwisho wa mwezi, zikiwa tupu, bila kuharibu chochote.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Nehemiah alikwenda ofisini kuuliza.

"Mlisema nyumba itabaki."

"Itabaki, mzee," Derrick alisema. "Itatunzwa vizuri sana. Nyinyi ndio hamwezi kubaki ndani. Ni maonyesho."

"Na kiwanja?"

"Kiwanja ni fidia ya nyumba inayobomolewa. Yako haibomolewi." Alikuwa amekwisha kuinamisha macho. "Mzee, pale barazani niliuliza mara tatu kama kuna swali."

"Uliuliza."

"Mbona hamkusema?"

Nehemiah alitafuta namna ya kumweleza kijana huyu mambo ya sehemu ya mbali yenye nyoka, akaona ni safari ndefu. "Ungeniambia wewe," alisema. "Siku ile ulipotuona na vumbi."

"Nilidhani ninawasaidia."

Basi wakabaki wakitazamana, mmoja akiwa na kiti na mwingine amesimama. Mwishowe Derrick akasema kuna nafasi moja. Walihitaji mama wa kukaa ndani ya nyumba, awapikie wageni ugali kwenye mawe, awaonyeshe maisha yalivyokuwa. Mshahara haukuwa mkubwa. Angeweza kumwandika Risper.

Jioni Nehemiah alimpigia simu ndugu yake Wesley, Chawia.

"Karibu nyumbani wakati wowote," Wesley alisema. "Hapa ni kwenu."

"Na mahali pa kujenga?"

"Hapo sasa," Wesley alisema, "ndipo itabidi tuongee na watoto. Wameshajenga. Lakini kuja kutusalimia, njoo tu."

* * *

Walipanga chumba kimoja sokoni Mata, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Ng'ambo ya barabara, Nzuki alijenga kibanda kwenye kiwanja chake, na mabati ya Nehemiah yaling'aa juu yake. Yalionekana toka mbali. Alikuja mara moja kuomba msamaha, amelewa, akataka kurudisha mawili.

"Utayatoa wapi?" Nehemiah alimuuliza. "Unataka paa lenye shimo la mabati mawili? Nenda kalale, Nzuki. Wewe hukuniibia."

Kila asubuhi Risper alivuka kwenda kazini nyumbani kwake. Alivaa leso mbili walizompa, akawasha moto kwenye mawe matatu aliyoyaokota mwenyewe, akasonga ugali ambao hakuna aliyeula. Wageni walimpiga picha. Walimuuliza kama hivi ndivyo alivyoishi, naye alisema ndiyo, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa kusema. Saa kumi na moja jioni alizima moto, akampa askari ufunguo. Kikohozi hakikumwacha.

Nehemiah hakukanyaga huko. Lakini siku moja Risper alisahau dawa yake ya kifua mezani, na Shantel alikuwa Taveta. Akaichukua akaenda.

Askari wa getini alikuwa mgeni, mtu wa kutoka Voi, hakumjua. Alimwambia asubiri kundi liingie, awe nyuma yao. Nehemiah akaingia nyumbani kwake mwishoni mwa msururu wa wanafunzi na mwalimu wao. Ndani kulikuwa kumefungwa kamba nene ya mkonge kutoka ukuta hadi ukuta, mtu asivuke. Risper alikuwa upande wa pili, amechutama mbele ya moto. Alimwona. Aliinamisha uso akapuliza makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri.

Derrick alikuwa akieleza. Alisimama kando ya kile kiganja, ambacho sasa kilikuwa na kibao kidogo cha mbao chini yake: MKONO WA MFANYAKAZI ASIYEJULIKANA.

"Huyu alikuwa mmoja wa waliojenga nyumba hizi," alisema. "Hatujui jina lake wala alikotoka. Alituachia mkono wake tu."

Alipoinua macho alimwona Nehemiah nyuma ya watoto. Alimsalimu kwa kichwa, kwa adabu, akaendelea.

Watoto walipita mbele wakatoka. Nehemiah alibaki. Kamba ilimfikia tumboni. Aliinama juu yake, akautoa mkono mfukoni, akaunyoosha kuelekea ukutani, vidole vimetanuka.

"Mzee," askari alisema mlangoni. "Usiguse. Hicho ni cha zamani."

Nehemiah aliusimamisha mkono hewani. Kisha akaichomoa chupa ya dawa kwapani, akaiweka chini kwenye udongo, upande wa Risper wa kamba, akatoka.